Uzi: Mdoli wa mtoto umevunjika na supaglu imegoma? Ijue kwanza plastiki uliyoishika

Fundi wa Makorora (mleta uzi)

Wakuu, salaam aleikum. Idd ikipita tu, hapa Tanga kila mtaa una watoto wenye midoli mipya, na haipiti muda wale wale wanatembea na vipande mkononi. Mimi kazi yangu ni kutengeneza vitu vidogo vya nyumbani, redio, feni, pasi. Midoli inakuja yenyewe kwa sababu watoto wameshaujua mlango. Na wazazi wanaowafuata nyuma wana swali moja: "Fundi, nimepaka supaglu ikaachia. Hakuna gundi kali zaidi?"

Nimeona niliandikie uzi swali hili, maana linawatesa wengi bure. Mara nyingi gundi yako ni nzima kabisa. Plastiki ndiyo haikubali gundi.

Nianze na mfano ulioko mezani kwangu. Twiga wa plastiki, mguu wa mbele umekatika juu kidogo ya goti. Baba mtu amepaka supaglu, ikaachia, akapaka tena. Nimeuangalia mkato kwenye mwanga wa dirisha: gundi imekauka vizuri, ngumu, inang'aa. Nikaingiza ncha ya wembe pembeni yake, ikabanduka yote kwa pamoja kama gamba la samaki, na chini yake plastiki ni safi, haina hata mchubuko. Hapo huna haja ya kuuliza zaidi. Gundi ingekuwa imeshika, ingepasuka nusu ikabaki huku na nusu kule, au ingeondoka na plastiki. Ikibanduka nzima namna ile, ujue haikuwahi kushika tangu mwanzo.

Plastiki za midoli ziko za namna nyingi, lakini kwa kazi yetu ziko pande mbili. Upande wa kwanza ni polithini na polipropilini. Hizi ndizo za madumu, vizibo vya chupa, mabeseni, na midoli mingi ya bei nafuu yenye mwili unaopinda bila kukatika. Ukipitisha ukucha unateleza kama umepakwa nta. Uso wake hauruhusu kitu cha majimaji kutandaa, ukidondosha tone la maji linajikusanya. Gundi nayo ni majimaji inapopakwa, kwa hiyo inakaa juu juu, inakauka, kisha inatoka. Upande wa pili ni ABS, polistirini na PVC. Hizi supaglu inazishika barabara. Matofali ya LEGO, kwa mfano, ni ABS tangu mwaka 1963, na makasha mengi ya redio na rimoti ni hiyo hiyo au polistirini.

Utajuaje? Geuza mdoli chini uangalie kama kuna alama ya pembetatu yenye namba. 2 na 4 ni polithini, 5 ni polipropilini, 3 ni PVC, 6 ni polistirini. Midoli mingi haina alama, basi tumia maji. Kata kipande kidogo, hata ukubwa wa punje ya mchele, mahali pasipoonekana. Kitie kwenye bilauri ya maji ya bomba yenye tone moja la sabuni ya vyombo, kizamishe kwa kijiti ili mapovu yaliyokishikilia yatoke, kisha kiachie. Kikipanda juu ni polithini au polipropilini, kwa sababu hizo ni nyepesi kuliko maji. Kikizama ni za upande wa pili. Usipime kwa mdoli mzima, una hewa ndani na utaelea hata kama ni PVC.

Ukimaliza kipimo hicho ndipo uende dukani. Kabla ya hapo unanunua gundi kwa kubahatisha.

Kwa zile zinazozama, supaglu inatosha, ila ipakwe inavyotakiwa. Osha mkato kwa sabuni, ukauke, kisha pangusa na spiriti. Mdoli wa mtoto una mate, jasho na mafuta ya nazi kuliko unavyodhania. Usipige msasa uso uliovunjika! Vipande viwili vilivyovunjika vinaingiana meno kwa meno, na ukisugua unayaondoa meno hayo. Jaribu kuviunganisha vikiwa vikavu kwanza mpaka mkono uujue upande. Kisha tone dogo, upande mmoja tu. Supaglu hukazwa na unyevu kidogo ulioko juu ya kitu na hewani, na inakuwa na nguvu ikiwa utando mwembamba. Ukimimina nyingi, katikati inachelewa, pembeni inakuwa nyeupe nyeupe, na kiungo kinakuwa dhaifu. Bana kwa mkono mpaka ikamate, halafu iache mpaka kesho yake saa kama hizo. Ikishika mkononi haina maana imekomaa.

Na hapa pwani kuna jambo la ziada: hewa yetu ina unyevu mwingi, hasa masika. Supaglu inakamata upesi kuliko anavyosema mwenye duka, kwa hiyo ukishagusanisha usianze kusogeza sogeza. Na chupa iliyofunguliwa inakuwa jiwe. Ifunge, itie kwenye kopo lenye kifuniko pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu.

Twiga wangu alielea. Kwa hiyo habari yake ni nyingine, na nitaieleza hapo chini. Karibuni.

Spoki Ngamiani

Mkuu umesema kweli tupu. Mimi ni fundi baiskeli, na Tanga hii unajua baiskeli zilivyo, spoki mbovu zimejaa kopo zima. Mguu wa mdoli usiukabidhi kwa gundi peke yake, hata kama plastiki inashika. Mguu unakanyagiwa, unapindwa, mtoto anamsimamisha simba wake juu ya ukuta anamsukuma. Spoki ya kawaida ina unene wa milimita 2. Kata kipande, kiingie nusu huku na nusu kule, ndani ya mguu. Hapo chuma ndicho kinachobeba, gundi inazuia tu kisizunguke.

Fundi wa Makorora

Spoki, umenitangulia, na hivyo ndivyo nilivyomfanyia twiga. Niongezee namna ya kutoboa, maana hapo ndipo watu wanapasua mguu.

Shida ya kwanza ni kuyapanga matundu yaelekeane. Ninatoboa upande mmoja kwanza, katikati kabisa. Naingiza kipande kifupi cha waya chenye ncha kitokeze kidogo tu, napaka ncha rangi ya kalamu, nabonyeza mguu mahali pake. Doa linalobaki ndilo linanionyesha pa kutoboa upande wa pili. Kwa polithini na polipropilini ninatumia shazia, ile sindano nene, iliyopashwa moto, inazama taratibu, na unaizungusha unapoitoa ili isigandie. Kwa ABS na polistirini ni bora drili ndogo ya kuzungusha kwa vidole, kwa sababu moto unazivimbisha ukingoni na vipande havifungi tena. PVC usiiguse kwa moto hata kidogo. Ikiungua inatoa gesi ya asidi inayochoma pua na mapafu.

Spoki yenyewe ikwaruzwe kwa tupa iwe na mikwaruzo, ndipo gundi ipate pa kung'ang'ania. Kwenye tundu usitie supaglu, tia gundi ya mirija miwili, ile epoksi. Inajaza nafasi, supaglu haijazi. Changanya sawa kwa sawa kwenye kizibo, koroga mpaka isiwe na michirizi, na hata kama mrija umeandikwa dakika 5, ujue hizo ni dakika za kuanza kukaza. Nguvu kamili ni kesho yake.

Kwa twiga anayeelea, epoksi nayo haitaishika plastiki kwa hiari. Kwa hiyo ndani ya tundu nilichonga vipengele kwa ncha ya moto, tundu likawa pana ndani kuliko mdomoni. Epoksi ikikaza mle haina pa kutokea. Imefungwa kwa umbo. Halafu ukingo wa nje niliuchomelea kwa plastiki ya namna ile ile, niliyokata kwenye kizibo, kwa chuma cha kuchomelea risasi kilichopozwa kidogo. Wale mafundi wanaoziba mabeseni na madumu mitaani wanafanya kazi hiyo hiyo miaka yote. Polipropilini kwa polipropilini, polithini kwa polithini. Ukichanganya hazilani vizuri, zinaachana ukivuta.

Madukani zipo pia supaglu zinazouzwa na kalamu yake ya kupaka kwanza, maalumu kwa plastiki hizi ngumu kugundishwa. Ukiipata, soma maelezo na uifuate kalamu kwanza, gundi baadaye.

Mama Wawili

Kaka fundi, shikamoo. Mimi niko Sahare. Binti yangu ana mwanasesere wa kike, kichwa laini ukibonyeza kinabonyea, mkono umechomoka begani. Haujakatika, umechomoka tu, lakini nimejaribu kuurudisha unagoma. Baba yao anasema aupake gundi. Niseme ukweli huyu mtoto halali bila huyo mwanasesere, hivi ninavyoandika ananivuta khanga.

Fundi wa Makorora

Marahaba dada. Mwambie shemeji aiweke gundi kando kwanza, asipake chochote. Huyo ni PVC laini, na mkono una shingo nene mwishoni inayoingia kwenye tundu la bega kama kifungo. Umegoma kwa sababu plastiki ni baridi na imekaza.

Chemsha maji, yaepue, yaache yapoe kidogo. Mtoto akae mbali na sufuria. Zamisha bega, au kama mwili ni mgumu zamisha ile shingo ya mkono, uache kwa dakika chache mpaka ubonyee kirahisi. Kausha kwa kitambaa. Shingo si duara kamili kila mara, kwa hiyo ingiza ukingo mmoja kwanza, kisha sukuma huku unazungusha. Utasikia umeingia. Uache upoe ukiwa mahali pake. Maji yakiingia tumboni mwa mwanasesere, yatoe yote, umsimamishe kichwa chini juani mpaka akauke, la sivyo atafanya ukungu ndani.

Ukiugundisha, mkono hautazunguka tena, na mtoto atauzungusha kwa nguvu mpaka upasuke bega. Hapo sasa utakuwa na kazi kubwa.

Mzee wa Chumbageni

Vijana nawasoma, hongereni. Lakini midoli hii ya Kichina si bei chee tu? Mnatumia epoksi, spoki, spiriti, na muda wa mtu mzima, kwa kitu ambacho ukienda sokoni Mgandini unapata kingine.

Fundi wa Makorora

Mzee wangu, shikamoo. Nimekuelewa, na kwa hesabu ya fedha peke yake una hoja. Lakini mtoto aliyeleta yule twiga hakuja kuomba twiga. Alikuja na huyo, ana jina, ana mahali pake pa kulala. Ukimpa mwingine anaupokea kwa adabu, kisha anauliza yule wa kwanza yuko wapi. Mimi nayachukulia mapenzi hayo kwa uzito wake.

Na kuna jambo la pili. Ile plastiki inayoelea kwenye bilauri ndiyo hiyo hiyo inayoelea kwenye mitaro masika yakija, na mitaro yetu mwisho wake ni baharini. Tembea ufukweni Raskazone asubuhi bahari ikiwa imekupwa, uangalie kilichotupwa na maji: vizibo, vipande vya ndoo, miguu ya midoli. Ile inayozama hatuioni, lakini imo. Nikiweza kumzuia twiga mmoja asiende huko kwa kipande cha spoki kilichokuwa kinatupwa, nafanya, mzee.

Mzee wa Chumbageni

Marahaba. Hapo nimekubali. Nina gari la mjukuu halina ekseli, nitakuletea.

Mwalimu wa Chekechea, Bagamoyo

Habari zenu wa Tanga. Nafuatilia kutoka Bagamoyo, shule yetu ina kapu zima la midoli iliyovunjika na tulikuwa tunafikiria kuitupa. Naomba niulize kuhusu usalama. Watoto wangu wengine hawajafika miaka 3, kila kitu kinaenda mdomoni. Hii gundi si sumu?

Fundi wa Makorora

Mwalimu, ahsante sana, swali lako lingepaswa kuwa la kwanza.

Supaglu iliyokomaa kabisa haina shida kubwa, mvuke wake ikiwa mbichi ndio unawasha macho na koo. Epoksi mbichi inasumbua ngozi, kwa hiyo koroga na kijiti, usitumie kidole, na vaa glavu kama una kazi nyingi. Mdoli uliogundishwa asiupate mtoto kabla ya siku nzima kupita, kisha uoshwe kwa sabuni.

Ila kwa watoto wa umri huo hofu yangu kubwa ni kipande kuachia mdomoni. Viwanda vya midoli vinatumia kopo la kupimia lenye upana wa milimita 31.7. Kitu chochote kinachoingia chote mle hakiruhusiwi kwa mtoto wa chini ya miaka 3, kwa sababu kinaweza kuziba koo. Kwa hiyo jiulize hivi: kiungo hiki kikiachia, kipande kitakachotoka kina ukubwa gani? Sikio la sungura, gurudumu, pua, hivyo usivigundishe kwa ajili ya wadogo hao. Ama uondoe kabisa na ulainishe ncha kwa msasa, ama mdoli uhamie darasa la wakubwa. Na mdoli wenye betri za vidonge, kama kifuniko cha betri hakifungi kwa skrubu, usiurudishe kapuni hata ukiwa mzima. Betri ile ikimezwa inaunguza koo kwa ndani ndani ya saa chache.

Kwa kapu kubwa kama hilo nakupa njia ya bure. Tenga vipande vinavyozama, vigumu, vya ABS, ambavyo havitengenezeki tena. Vikate vidogo vidogo, uvitie kwenye chupa ya kioo na asetoni kidogo, ile inayouzwa kwa kutolea rangi ya kucha, lakini iwe asetoni yenyewe. Funga, uache usiku kucha. Vinayeyuka vinakuwa uji mzito. Uji huo ukipakwa kwenye ufa wa mdoli wa ABS unayeyusha kidogo kingo zote mbili, na asetoni ikishatoka inabaki plastiki moja. Unajaza hata pengo lililopoteza kipande, kisha unachonga kwa msasa. Kwa polithini na polipropilini haufanyi chochote. Na ifanyike nje, mbali na jiko la mkaa na kiberiti, maana mvuke wa asetoni unashika moto upesi sana. Hiyo ni kazi ya walimu, watoto wasiwepo.

Kijana wa Pongwe

Wakuu dharura ndogo, dogo langu amegandisha vidole viwili kwa supaglu wakati nafuata maelekezo hapa. Nivute?

Fundi wa Makorora

Usivute! Ngozi itachunika. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni, kisha zungusha polepole kijiti butu katikati ya vidole, kama unavyobandua. Asetoni inasaidia kwa vidole vya mtu mzima, lakini kwa mtoto anza na maji na uwe mvumilivu. Kama imefika kwenye jicho au midomo, usilazimishe kufungua. Osha kwa maji mengi uende naye hospitali ya Bombo moja kwa moja.

Na kwa kila anayesoma: usifute supaglu iliyomwagika kwa pamba. Ikikutana na pamba inapata joto ghafla, inaweza kuunguza mkono. Nguo ya pamba ni hivyo hivyo. Tumia kipande cha nailoni au karatasi ngumu.

Kijana wa Pongwe

Vimeachana. Ahsante mkuu. Ananicheka.

Mama Wawili

Kaka, mkono umeingia! Maji ya moto tu, sikuamini. Sasa ameleta na farasi wa kaka yake, huyu amekatika mkia, na kipande kimezama kwenye glasi. Nimepaka supaglu lakini mkia unainama kabla haujakamata, mkono wangu umechoka kushika.

Fundi wa Makorora

Hongera dada. Kwa farasi, usishike kwa mkono. Chukua bakuli la mchanga mkavu au mchele, mzike farasi kichwa chini mpaka mkia uelekee juu wima, ili uzito wake ukalie mkato wenyewe badala ya kuuvuta pembeni. Kama mkia una pinda, geuza geuza mwili mpaka kipande kisimame bila kushikwa. Jaribu hivyo kikiwa kikavu kwanza. Kikisimama chenyewe, ndipo utie tone.

Lakini kabla ya kupaka upya, toa gundi ya kwanza. Supaglu juu ya supaglu kavu haikupi kiungo, meno ya mkato yameshafunikwa. Ikwangue kwa ncha ya wembe polepole. Usitumie asetoni hapo, kama farasi ni ABS au polistirini itamyeyusha. Kama mkia ni mwembamba kuliko kalamu, spoki itaupasua, tumia pini ya ofisini iliyokatwa kichwa.

Piga picha ya mkato kwa karibu uiweke hapa kabla hujatoboa, nikuonyeshe pa kuanzia.